Swali Nililolibadilisha

Tulipokutana mwaka jana, sisi tuliosoma mchepuo wa fizikia, kemia na biolojia, katika ukumbi mdogo nyuma ya mgahawa mmoja pale Kibondo, mtu wa kwanza kumtaja yule daktari alikuwa Deogratias. Alisema anakumbuka kama jana: daktari alilia mbele ya darasa zima. Mwingine akakataa, akasema hakulia, alicheka, na ndiyo maana mkuu wa shule alikasirika. Wa tatu, ambaye siku hizi ana duka la dawa Geita, akaapa kwamba mtu yule alikuwa amelewa. Tulikuwa watu kumi na wanne, tunakula mbuzi na ndizi za kuchoma, na kila mmoja alikuwa na daktari wake. Mimi niliendelea kutafuna. Nilijua hakulia, hakucheka wala hakulewa, kwa sababu nilikuwa nimesimama hatua tatu tu kutoka alipokaa. Mimi ndiye niliyemuuliza lile swali. Na nilijua jambo ambalo hakuna mwingine pale mezani aliyelijua, kwamba swali lenyewe halikuwa langu. Mwenye swali, Zulfa, hakuja. Alikuwa zamu hospitalini huko Tabora. Nikirudi Kasulu kesho yake nilijiambia kwamba nisipoandika sasa, baada ya miaka mingine kumi hata mimi nitakuwa na daktari anayelia.

Ilikuwa mwaka 2014. Niliripoti kidato cha tano mwezi wa saba, nikitokea Nyabibuye na tranka la bati na godoro lililofungwa kwa kamba ya katani. Bwenini nilipewa kitanda cha chini. Cha juu kilikuwa cha Zulfa, binti wa mfanyabiashara wa vitenge wa Kasulu. Kiswahili changu siku zile kilikuwa na Kiha ndani yake kama mchele wenye chuya, na yeye alikisema kama watangazaji wa redio, lakini hakunicheka hata siku moja. Alikuwa na kopo la visheti alivyotoka navyo kwao. Kila jioni baada ya ugali na maharage alikuwa akitoa viwili, kimoja chake na kimoja changu, akifunga kopo kabla sijamaliza kutafuna. Alizungumza habari za baba yake na za shangazi yake wa Ujiji. Habari za mama hakuzungumza, na mimi sikugundua kwamba hazungumzi. Nilikuwa na mambo yangu. Nilitaka kuwa daktari, kama wote darasani, na nilitaka udaktari jinsi mtu anavyotaka kufika mjini bila kujua akifika atafikia kwa nani. Leo nafundisha biolojia, na kila mwaka nawauliza wanafunzi wangu kwa nini wanataka kazi hiyo. Majibu yao ni yale yale yangu, yaani si majibu.

Mwalimu Shirima, aliyetufundisha biolojia na aliyekuwa amepangiwa kazi Kibondo kutoka Moshi, ndiye aliyepata wazo la kumwalika daktari. Daktari bingwa wa upasuaji alikuwa amekuja wilayani kwa miezi michache kuwafundisha madaktari wenzake, na mwalimu alimfuata mwenyewe kumwomba aje azungumze nasi kuhusu kazi za afya. Tulideki maabara tangu asubuhi. Ilikuwa chumba kirefu chenye stuli za mbao, sinki lisilotoa maji, na chupa moja ya chura aliyekuwa ameelea humo tangu kabla ya sisi kuzaliwa. Mezani kulikuwa na soda na sahani ya biskuti kwa ajili ya mgeni. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, akaja kwa bodaboda, suruali ina matope hadi magotini. Aliitwa Daktari Lwitiko, mtu wa Mbeya, mrefu, mwembamba, ana sauti ya chini iliyotulazimisha tunyamaze ili tumsikie. Alitueleza miaka: mitano ya chuo, mmoja wa mazoezi, kisha mingine ya ubingwa. Halafu akatoa uzi mfukoni, akaomba kikombe cha bati, akasema tujaribu kufunga fundo ndani ya kikombe, chini kabisa, bila vidole kugusa ukingo. “Ukigusa,” alisema, “umeshachana mshipa wa mtu.” Nilijaribu, nikachana mishipa ya watu watatu. Deogratias naye akachana. Zulfa alifunga fundo mara ya kwanza, akarudi kukaa huku ameinamisha uso, na darasa likapiga makofi.

Wakati wa maswali ulipofika aliandika kitu kwenye kipande cha karatasi ya daftari akanisukumia. “Niulizie,” alininong'oneza. “Mimi naona aibu.” Lilikuwa swali, limeandikwa kwa mwandiko wake mdogo uliosimama wima: *Daktari, mgonjwa akikufia mezani, huwa unakumbuka jina lake?* Nilisimama. Waliotangulia walikuwa wameuliza kama daktari hupewa nyumba na kama ni lazima kujua sana hesabu, na wenzetu wa mchepuo wa historia walikuwa wamejazana madirishani wakichungulia. Wote waliniangalia. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilichofikiri katika ile nukta moja, na sipati kitu. Labda niliona swali ni refu. Labda nilitaka wale wa madirishani wacheke. Nilikunja karatasi nikasema, “Daktari, umeshawahi kuua mtu?”

Walicheka kweli. Mkuu wa shule, mama mmoja mnene aliyependa utaratibu, aliweka miwani yake mezani. Daktari aliniangalia, si kwa hasira, kama mtu aliyeitwa kwa jina na mtu asiyemjua. Kicheko kilipoisha alisema, “Ndiyo.”

Kisha akaeleza, kwa sauti ile ile aliyotumia kueleza miaka ya chuo. Alisema ilikuwa mwaka wake wa kwanza wa kupasua peke yake, katika hospitali ya mkoa mwingine. Aliletwa mama mmoja tumbo limevimba, utumbo umejisokota. Alikata kipande kilichokufa, akaunga, akashona, akaridhika na kazi yake. Siku ya tatu mama akapata homa, tumbo likakaza. Nesi wa wodi, mtu mzima aliyeona mengi, alimwambia, “Daktari, tumbo hili si zuri. Mrudishe ndani.” Yeye akakataa, kwa kuwa aliziamini nyuzi zake. “Nilisubiri hadi kesho yake,” alisema. “Kesho yake nikamfungua, nikakuta nimechelewa. Hakuna kisu kilichomuua. Kilichomuua ni mimi kutotaka kuonekana nimekosea. Binti ameuliza kama nimeua, na sitaki kuwadanganya watu wanaotaka kuja kunirithi kazi.” Hakusema jina la mama yule, kwa sababu hakuna aliyemuuliza jina.

Mkuu wa shule alisimama akamshukuru mgeni haraka haraka, na kikao kikaisha biskuti zikiwa hazijaguswa. Mimi niliitwa ofisini. Nikingoja kwenye benchi la nje nilimsikia akimwambia Mwalimu Shirima, “Nilikuruhusu umlete awatie moyo, amekuja kuniulia darasa.” Mwalimu akajibu, “Sasa mama, angesema hapana ungemwamini?” Nilipewa wiki nzima ya kufyeka nyasi nyuma ya jiko kwa kumvunjia mgeni heshima. Ile karatasi ilikuwa mfukoni mwa sketi yangu muda wote, na sikuitaja. Nilijiona shujaa, ninambebea rafiki yangu mzigo. Ilinichukua muda kuelewa kwamba karatasi ile ingeniumbua mimi, si yeye.

Zulfa alibadilika tangu siku ile. Kopo la visheti halikufunguliwa tena. Alihamia dawati la nyuma, akaacha kuja kwenye vitendo vya biolojia, akisema kichwa kinamuuma, na chakula alikuwa akikigeuza geuza tu kwenye sahani hadi kengele ilie. Nilidhani amekasirika kwa kuwa nililiharibu swali lake. Siku moja tukiwa tunafua nikamwomba msamaha. Akakamua sketi yake, akaitandika kwenye nyasi, akasema, “Si hilo, Jeni.” Nikamuuliza ni lipi. Akachukua ndoo yake akaondoka. Nilibaki pale na sabuni mkononi, nikijaribu kupanga mambo yawe na maana, na hayakukubali kupangika. Kama si swali, ni nini? Na kama ni swali, kwa nini anasema si hilo?

Mwezi wa kumi na moja Mwalimu Shirima aliniita katika chumba cha walimu kilichonukia chai ya tangawizi na karatasi za mitihani, akafunga mlango. Alitaka kujua kwa nini mwanafunzi wake bora anaanguka. Nikasema sijui. Akasema, “Wewe ni rafiki yake na hujui kwamba mama yake alifariki baada ya upasuaji?” Akanieleza alichokisoma kwenye fomu na alichosikia kwa baba mtu: mama Zulfa aliugua tumbo ghafla wakati binti yuko kidato cha pili, utumbo ulijisokota, akapelekwa kwa gari hospitali kubwa nje ya mkoa, akapasuliwa, na siku ya nne akafa. Yote yalilingana. Nilitoka mle nikiwa na hakika kwamba mtu yule alimweleza Zulfa kifo cha mama yake mbele ya darasa, na kwamba mimi ndiye niliyemfungulia mlango.

Miezi iliyofuata ndiyo ninayoielewa kidogo kuliko yote. Sikumwambia Zulfa kwamba najua. Yeye hakuniambia kwamba anajua. Tulilala kitanda kimoja juu na chini, tukaazimana chanuo na kalamu, na kati yetu kulikuwa na mtu ambaye kila mmoja alimwona peke yake. Jumatatu nilimchukia daktari yule. Jumanne nilimheshimu, kwa kuwa sijawahi kumsikia mtu mzima mwingine akisema “nilikosea” bila kuongeza neno “lakini”. Jumatano nilijichukia mwenyewe. Nikifungua kitabu cha biolojia kwenye mchoro wa utumbo nilikuwa nafunika ukurasa kwa mkono, halafu nafunua, halafu nafunika. Watu huniuliza kwa nini sikuwa daktari. Alama zangu zilitosha kwa ualimu, hazikutosha kwa udaktari, na hadi leo sijui kama nilishindwa au niliacha kushindana.

Katikati ya mwaka 2015 barabara ilijaa magari yaliyobeba watu kutoka Burundi, yakielekea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na tukasikia kwamba Daktari Lwitiko naye amehamishiwa upande wa Kasulu kusaidia. Shule ilipokaribia kufungwa Zulfa alinijia nikiwa nafunga tranka. “Usiende kwenu moja kwa moja,” alisema. “Pitia nyumbani kwetu siku mbili. Nataka unisindikize mahali.” Hakusema ni wapi, na sikuuliza, kwa kuwa nilijua.

Nyumba yao ilikuwa nyuma ya duka. Unapita katikati ya majora ya vitenge, unainamia pazia, unatokea kwenye ua mdogo wenye jiko la mkaa na ndoo za maji zilizopangwa kwa ukubwa. Mzee Hamadi, baba yake, alinikaribisha kana kwamba alikuwa ameniagiza. Shangazi alikuwa amerudi Ujiji, kwa hiyo tulipika wenyewe. Jioni ya siku ile tulikuwa ndani tukikunja nguo, mlango wa dukani uko wazi, na mzee alikuwa barazani na jirani yake. Jirani alikuwa akimshauri aoe. Mzee akasema bado. Jirani akasema miaka minne si midogo. Ndipo tukamsikia mzee akisema, “Hata aliyempasua sikumwona, bwana. Alitoka nesi na karatasi, akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia mimi ni mumewe. Akasema, pole. Basi. Ndiyo hivyo.” Jirani akasema, “Mungu amrehemu.” Zulfa alikuwa ameshika gauni kwa ncha mbili, hakulikunja wala hakuliweka chini.

Asubuhi tulikwenda hospitalini, nje kidogo ya mji. Tulikaa kwenye benchi katikati ya watu wengi waliokuwa wakingoja. Mama mmoja wa Kikongo aliyekuwa na mtoto mgongoni alituona tunavyoinuka kila mlango ukifunguka, akatuambia, “Dokta iko na travaye, mungoye tu,” yaani yuko kazini, tungoje. Tukangoja. Karibu saa sita alitoka, amevaa malapa, ameshika chapati iliyokunjwa kwenye karatasi, akaenda kukaa kwenye ngazi za nyuma. Tulimfuata. Tukamwamkia, akaitikia, kisha akaniangalia kwa makini zaidi.

“Wewe nakujua,” alisema. “Wewe ndiye wa lile swali.”

“Ndiyo, daktari. Lakini halikuwa langu. Lilikuwa la huyu mwenzangu, na sikulisoma kama alivyoliandika.” Nilisema hayo bila kuyapanga, na ndipo nikamtajia lilivyokuwa. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka kwa sauti.

Aliweka chapati magotini. “Hilo lilikuwa gumu zaidi,” alisema. “Ungeliuliza hilo.” Akamgeukia Zulfa. “Anaitwa Monika. Alikuwa na watoto watano, anauza viazi. Alikuja na kanga ya njano, akamkataza nesi asiitupe. Kwa nini ulitaka kujua, mwanangu?”

Mama yake Zulfa hakuitwa Monika. Lakini Zulfa alikuwa amekuja na maneno yake tayari, akayasema yote: utumbo, gari, hospitali, siku ya nne, mwaka 2011. Daktari alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

“Mwaka huo mimi nilikuwa masomoni, nje ya nchi,” alisema. “Na hospitali hiyo sijawahi kufanya kazi. Si mimi, mwanangu.”

“Una hakika?”

“Nina hakika.”

Nilidhani Zulfa atashusha pumzi. Mimi nilishusha. Yeye alibaki amesimama vile vile, akauliza, “Sasa aliyempasua mama yangu, anamkumbuka?”

Daktari alikunja karatasi ya chapati. Ndani mtu aliita jina lake, hakuitika. “Ningependa kukuambia ndiyo,” alisema mwishowe. “Wapo tunaokumbuka. Wapo wanaosahau makusudi, ili kesho waweze kuingia tena chumbani. Yeye ni yupi, sijui.” Akatuuliza kama tumekula. Tukasema tumekula, ingawa hatukuwa tumekula. Akatushika mikono, akarudi ndani.

Tulitembea kurudi mjini kwa barabara ya vumbi, magari yakitupita. Mimi nilikuwa mwepesi kama mtu aliyetuliwa gunia, na nilitaka kusema kitu cha furaha, lakini nilipomtazama nikaona analia. Nikamwambia, “Zulfa, si yeye.” Akasema, “Najua si yeye. Afadhali angekuwa yeye.” Nikasimama. Sikuelewa kabisa. Akafuta uso kwa ncha ya mtandio. “Yule Monika ana mtu anayekumbuka hadi kanga yake,” alisema. “Mama yangu ana nani? Baba hasemi. Mimi nimeanza kusahau sauti yake. Nilitaka awe ni yeye, ili angalau awepo mtu.” Miezi yote ile nilidhani anamwogopa daktari yule asije akawa ndiye aliyempasua mama yake. Kumbe alikuwa akitamani awe ndiye. Nilikuwa nimelala chini ya kitanda chake mwaka mzima na sikuwahi kukisia hata kwa mbali. Hadi sasa, mwanafunzi akininyamazia darasani, huwa najikumbusha kwamba dhana yangu ya kwanza juu yake pengine ni kinyume cha ukweli.

Tulifika nyumbani mzee akiwa amefunga duka kwa ajili ya chakula cha mchana. Tulipika wali na samaki wa migebuka, tukatandika mkeka uani. Baada ya matonge machache Zulfa alisema, “Baba, leo tulikwenda hospitali.” Akamweleza yote, tangu siku ya maabara, pamoja na jinsi nilivyolibadilisha swali, na pamoja na yale tuliyoyasikia barazani. Mzee aliacha kula. Niliona ni mambo ya nyumba yao, nikanawa mikono nikataka kuinuka. “Kaa, mwanangu,” aliniambia. “Umekwenda naye, sikia naye.” Lakini hakuanza. Alitazama kiganja chake, akatazama ndoo za maji, na mtu aligonga mlango wa duka, akagonga tena, akaondoka. Nadhani hakujua mtu anaanzia wapi. Ndipo Zulfa akamrahisishia. Akamuuliza, “Mama alikuwa anapenda kula nini?”

Mzee akafikiri. “Ukoko,” alisema. “Wa wali. Tena ule wa chini kabisa, ulioungua.” Akacheka kidogo, akaonekana kushangaa kwamba amecheka. “Nilikuwa namnunulia nyama, ananiachia mimi nyama, anakwenda kukaa jikoni na sufuria.” Zulfa aliinuka, akaiepua sufuria yetu, akaileta na vijiko vitatu, akaiweka katikati ya mkeka. Tukakwangua. Mzee akaanza kusimulia, na duka halikufunguliwa tena siku ile.